Matangazo Mawili ya Vestine

Vestine tulimzika Nyakarenzo, udongo ukiwa bado mzito kwa mvua. Shemeji yake alisoma maisha ya marehemu mbele ya watu: kwamba alilelewa na masista, kwamba alikuwa na mkono mzuri wa kushona, kwamba alifanya kazi Kamembe, kwamba aliolewa, akazaa, akaugua muda mrefu bila kulalamika. Alifanya kazi Kamembe: maneno matatu, halafu msomaji akaruka moja kwa moja mpaka harusini. Nilikuwa nimesimama nyuma, kati ya watu wasionijua, nikingoja kuona kama atarudi nyuma kidogo. Hakurudi. Watu walitupia udongo, wakanawa mikono, wakashuka kwenda nyumbani kwa marehemu kunywa fanta na kukaa kimya. Binti yake mkubwa alinipa mkono akaniuliza nilimjua vipi mama yake. Nilisema tulifanya kazi pamoja zamani. Akasema asante kwa kuja, akamgeukia mwingine. Njiani nikirudi nilifikiri kwamba, kati ya wale waliokuwamo katika mwaka ule, sasa nimebaki karibu peke yangu, na kwamba nisipousimulia utakuwa kama haukuwapo. Kwa hiyo nausimulia. Ya wazazi wangu na ya utoto wangu wa Bukavu nayaacha. Nilikuwa kijana aliyemaliza shule, aliyerudi Rwanda na jamaa zake, asiye na kazi, na hayo yanatosha.

Chumba chetu cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la magodoro, Kamembe mjini. Harufu ya sponji mpya iliingia mpaka kwenye chai. Ukuta uliotutenganisha na duka ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hiyo mchana kutwa tulisikia wachumba wakijaribu magodoro, mama mkwe akisema hili ni laini mno litamvunja mtoto mgongo, muuzaji akiapa kwamba hakuna mgongo uliowahi kuvunjika kwake. Upande wetu wa ukuta watu walikuja kutangaza vifo. Walikaa kwenye benchi, wakasikia vile vicheko, wakataja majina ya wafu wao polepole ili yaandikwe sawasawa. Dirisha lilitazama ziwa, na ng'ambo ya maji nyumba za Bukavu zilizopandana juu ya vilima, karibu kiasi kwamba siku ya jua uliona mabati yakimeta. Nilikulia kwenye vilima vile. Kuvitazama kila siku kutoka upande huu, nikiwa na kazi ya kuandika nani amekufa kule, kulinifanya nizeeke mapema, na sisemi hivyo kwa kujihurumia. Kuna watu huzeeshwa na mambo mabaya zaidi.

Mwenye kazi alikuwa Gaspard, mtu aliyekulia Bukavu kama mimi, kisha akaenda kuishi Ubelgiji. Tulimwita Patron, ingawa tulimjua kwa sauti tu. Alikuwa na tovuti ya matangazo ya aina mbili: ya vifo, na ya kutafuta watu waliopotezana tangu vita. Jamaa zetu walikuwa wametawanyika, huyu Kigali, huyu Bukavu, huyu Ulaya, na wote waliisoma. Tovuti yenyewe ilikaa kwenye seva huko Ulaya. Sisi tulikuwa na kompyuta moja kuukuu na modem iliyochomekwa ubavuni, ambayo mtandao wake ulikuja na kuondoka kama mgonjwa anayepata nafuu na kuzidiwa. Mwanzoni Patron alitaka tuandike kupitia kurasa za tovuti, zenye vitufe na picha. Hazikufunguka. Tulitazama nusu ya picha ya mshumaa mpaka umeme ukakatika. Ndipo akaandika skripti, yaani faili fupi lenye amri zinazofuatana, akanifundisha kwa simu jinsi ya kuitumia. Niliandika tangazo kwa maandishi matupu, bila rangi wala picha, nikalihifadhi. Kisha nikafungua lile dirisha jeusi la amri, nikaandika neno "peleka" na jina la faili, nikabonyeza. Skripti ilibisha hodi kwenye seva, ikaonyesha ufunguo wetu, ambao nao ni faili tu lililofichwa ndani ya kompyuta, ikalinganisha vya huku na vya kule, ikapeleka kilichokosekana. Mwishoni ilijibu neno moja ambalo Patron alikuwa ameiwekea: "imefika" au "imekataa". Kulikuwa pia na "panda", amri ya kulirudisha juu tangazo la zamani, na "ondoa". Maandishi matupu ni mepesi, yakapita hata mtandao ulipokuwa mwembamba kama uzi. Tangu hapo nimefanya kazi nyingi za kompyuta, katika ofisi zenye mitambo mizuri, lakini sijawahi kuandika amri nyingine huku mtu amesimama nyuma yangu akipangusa macho na kuniuliza kama imefika.

Vestine ndiye aliyepokea watu. Alikuwa mdogo kwangu kidogo, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na namna ya kumwuliza mtu jambo gumu bila kumkazia macho. Kwa matangazo ya kutafuta watu kulikuwa na kanuni ya Patron ambayo hatukuivunja ila mara moja: alama moja ya mtu anayetafutwa isiandikwe. Kovu, jino, wimbo aliopenda kuimba, chochote, ibaki kwetu na kwa mwenye tangazo, ili akitokea mtu akasema ni mimi, aulizwe hiyo. Walikuwapo waliokuja kwa uongo. Wengine hawakuwa waongo, walitamani tu, na hao walikuwa wagumu zaidi kuwarudisha.

Vestine mwenyewe alikuwa na tangazo. Kabla ya mimi kuajiriwa lilikuwa tayari limo. Lilisema kwamba Vestine, aliyekuwa mtoto wa miaka kama saba, alipoteana na mama yake watu walipokuwa wakikimbia vita kutoka Bunyakiri kuingia msituni, siku ya kuvuka mto uliokuwa umejaa. Mama yake aliitwa Roza, aliuza chumvi sokoni. Jina la ukoo hakulijua. Mtoto wa umri ule humjua mama kama mama, na majirani walikuwa wakimwita Mama Vestine. Alama isiyoandikwa ilikuwa kidole: kidole kidogo cha mkono wa kushoto cha Roza kilikatwa ncha na panga akiwa anamenya mihogo. Kila mwanzo wa wiki, kabla hajafungua mlango kwa watu, Vestine aliniomba nilipandishe. Niliandika "panda", yeye akasubiri lile neno la mwisho, kisha akaenda kufungua. Hatukuzungumza juu yake. Ilikuwa kama kufagia.

Mchana tulikula kwa Maman Hadija, mwanamke Mwislamu wa Bugarama aliyepika kwenye kibanda cha bati mkabala na duka. Mchele wake ulitoka kwao bondeni, na alijua kuutofautisha na mchele wa nje kwa harufu, akamkatalia mtu aliyemletea mwingine. Alitupa wali na maharage, siku nyingine ndizi na sambaza, visamaki vya ziwani, waliokaangwa mpaka wakawa kama karanga. Wapishi wa mjini husikia kila kitu, na yeye alikuwa akisikia, lakini hakurudia. Kwake walikula madereva, wavuka mpaka, vibarua wa kiwanda cha saruji waliokuja na vumbi kwenye kope. Siku moja nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba wale wawili pale ndio wanaoandika wafu, asikae karibu nao. Maman Hadija alimwekea sahani yake mezani kwetu, akamwambia nafasi iko hapa tu. Akakaa, akala haraka.

Kiangazi kilikuwa kimeanza simu ilipokuja. Mwanamke wa Bukavu, wa Kadutu, alisema kijana wa jirani amemsomea tangazo kutoka kwenye simu. Jina lake Roza. Alipoteza binti kwenye mto uleule. Binti aliitwa Faida, lakini mtoto mdogo akiokotwa na watu hupewa jina lolote, au husahau. Vestine alimsikiliza kwa muda mrefu. Kanuni ilimtaka aulize alama pale pale, kwenye simu. Hakuuliza. Alisema atakuja. Akaniomba nimsindikize.

Tulivuka kwa miguu daraja la mpakani la Rusizi ya Kwanza, Jumapili, kati ya wanawake wenye mafurushi kichwani. Nyumba ya Roza ilikuwa katikati ya mteremko, ya mbao zilizopakwa lami, chumba kimoja na pazia. Alikuwa mwanamke mrefu aliyepungua, macho yamekuwa ya njano, tumbo limejaa huku mikono imekauka. Alikuwa amepika tangu asubuhi: bugali ya muhogo, sambaza, mboga ya lengalenga. Majirani wawili walikuwa wamekuja kuangalia, akawatoa kwa upole. Hakumkumbatia Vestine. Alimshika viwiko, akamtazama kichwa mpaka miguu, akasema ana nyama kidogo tu, sawa na watu wa kwao. Kisha akatunawisha. Alimimina maji kwa mkono wa kulia na kushika beseni kwa wa kushoto, na Vestine alikuwa akiutazama ule wa kushoto. Niliutazama na mimi. Vidole vilikuwa vitano, vizima, kila kimoja na kucha yake.

Vestine alinawa. Tukaanza kula, Roza akaeleza juu ya mto, jinsi maji yalivyokuwa mekundu, jinsi kamba aliyokuwa ameishika pamoja na mtoto ilivyobaki mkononi mwake. Katikati ya maneno aliinuka, akaenda nyuma ya Vestine kana kwamba anamrekebishia kitambaa cha kichwa, akakisogeza, akatazama nyuma ya sikio la kulia. Nilikuwa mbele yao, niliona uso wake. Alitazama kwa muda, kisha akakirudisha kitambaa vizuri, akakifunga fundo, akapitisha kiganja juu yake mara moja. Akarudi kukaa. Akamwongezea Vestine samaki. Nimekaa kwenye meza nyingi tangu wakati ule, za ndoa na za matanga, na sijui nyingine ambayo watu wawili walipoteza tumaini lao kuu, kila mmoja akijua la mwenzake, na chakula kikaendelea.

Wakati wa kurudi Vestine alitembea mbele yangu mpaka darajani. Hapo alisimama akashika chuma.

"Haiko yeye," alisema.

Nikamwuliza kama amemwambia.

"Anajua. Haukuona wakati aliangalia sikio yangu? Ye pia alitafuta kitu, akaikosa."

"Sasa mutafanya nini?"

Aliangalia maji. "Aliniuliza kama nakulaka sombe. Nikasema ndiyo. Dimanche atapika sombe."

Akaenda Jumapili ile akala hiyo sombe, majani ya muhogo, akaenda na iliyofuata, na nyingine zote. Mara chache nilimsindikiza. Roza alikuwa mgonjwa wa ini, kama alivyoelezwa hospitalini, na jamaa za marehemu mumewe walikuwa wamechoka naye zamani. Vestine alimfulia, akamchana nywele zilizokuwa zikinyonyoka, akamsomea. Roza alimfundisha kusuka vikapu, akamkemea kwa kutembea vibaya, akaanza kumwita mwanangu bila jina. Hakumwita Faida, wala Vestine. Na kila mwanzo wa wiki, Kamembe, Vestine aliendelea kuniomba nilipandishe tangazo la kumtafuta mama yake. Mara moja nilimwuliza kama Roza akisomewa tena hatasikia vibaya. Alinijibu kwamba Roza ndiye anayemkumbusha. Wakati ule sikulielewa jibu hilo. Nililielewa nilipokuwa na watoto wangu, na mmoja wao akafa, nikaona jinsi mtu anavyoweza kumpenda aliyepo kwa moyo wake wote bila kuondoa hata tone kwa asiyekuwapo.

Roza alikufa mvua kubwa zilipoanza. Vestine alikuwa naye. Alirudi Kamembe baada ya maziko akiwa amekaukwa sauti, akakaa kwenye benchi ya wateja, si kwenye kiti chake. Upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa akiuliza kama godoro lina dhamana. Vestine alinitajia maneno, nami nikaandika: Roza wa Kadutu, Bukavu, ameaga dunia baada ya kuugua, ameacha binti mmoja, Vestine, anayeishi Kamembe. Nilisita kwenye neno binti. Alikuwa nyuma yangu, akaona mkono wangu umesimama.

"Andika vile nilisema," aliniambia. "Alikufa akiwa na mutoto."

Niliandika "peleka". Ikajibu imefika. Akaniomba, kwa sauti ileile iliyokwisha, nilipandishe na lile lingine.

Sasa yalikuwa mawili kwenye tovuti: Vestine anamtafuta mama yake Roza, na Vestine amefiwa na mama yake Roza. Patron alipiga simu kuuliza, nikamweleza yote. Akasema poleni, na akaacha yakae. Naandika hili kwa sababu nataka aonekane alivyokuwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekuwa mbali, na kule mbali mambo huonekana yakiwa yamenyooka.

Jibu la kweli lilikuja mvua zilipokuwa zikipungua. Aliyepiga ni mzee aliyejitaja kuwa Byamungu, wa upande wa Shabunda. Mwanawe aliyesomea Bukavu alikuwa amelisoma tangazo, akamwuliza baba yake kama si yule mama wa njiani. Vestine aliweka simu mezani, ikawa inasikika chumba kizima. Mzee alizungumza taratibu, akikohoa, kama mtu anayetoa ushuhuda kanisani. Alisema katika miezi ile ya kukimbia walimkuta mwanamke amekaa kando ya njia, homa imemshika, miguu imevimba. Alisema anaitwa Roza, muuza chumvi. Alikaa nao siku chache tu. Halafu, bila kuulizwa, akasema:

"Kidole yake ya kuume, hapana, ya kushoto, ile kidogo, ilikuwa imekatika. Bibi yangu njo alimuosha, aliniambia. Tulimuzika pembeni ya njia. Tulimuvalisha kitenge ya bibi yangu, sababu nguo yake ilikuwa imeisha."

Vestine aliuliza jambo moja tu, kama mama yake alisema neno lolote. Mzee alisema mama huyo alikuwa akiita mtoto, na kwamba wao walimwambia mtoto yuko mbele, amevuka vizuri, atamkuta. Hawakujua kama ni kweli. Walisema tu ili alale. Vestine akamwambia ilikuwa kweli. Akamshukuru, akamshukuru na yule bibi, mkewe, ambaye mzee alisema naye amekwisha kufa. Simu ilipokatika hakulia. Aliinuka, akafunga mlango wa mbele kwa kitasa, akarudi akasimama nyuma ya kiti changu. Niliandika: Roza, muuza chumvi wa Bunyakiri, alifariki njiani upande wa Shabunda wakati wa vita, akazikwa na watu wema, ameacha binti mmoja, Vestine, anayeishi Kamembe. Nikalipeleka. Kisha akanitaka niondoe lile la kutafuta. Niliandika "ondoa", skripti ikaniuliza kama nina hakika. Nilimgeukia. Akanyoosha mkono yeye mwenyewe akabonyeza.

Hayo ndiyo matangazo mawili yaliyobaki, moja juu ya jingine. Haikuchukua muda watu wakaanza kuandika. Mmoja alisema tovuti imekosea. Mwingine wa Ulaya, aliyekuwa akitoa mchango kuisaidia, alisema kuna msichana anayeua mama kila msimu ili ahurumiwe, na kwamba kama haya ni ya uongo basi na mengine yote ni ya uongo. Hilo la mwisho ndilo lililomwogopesha Patron. Alinipigia mchana, sauti yake imechoka.

"Aloys, mutu hawezi kufiwa na mama mara mbili mu mwaka moja. Toa ile ya Kadutu. Ile ingine iko na alama."

Nilimwambia Vestine hakudanganya.

"Sijasema amedanganya. Nasema mutu mwenye anatafuta baba yake akisoma bile vitu bibili, ataniamini tena?"

Wale waliokuwa wakiitegemea tovuti ile waliitegemea kwa sababu ya kanuni yake, na kwa kanuni yake Roza wa Kadutu hakuwa mama wa mtu. Nilimwambia tu kwamba sitaliondoa. Patron hakugomba. Kesho yake nilipofungua kompyuta, skripti ilipolinganisha vya huku na vya kule, tangazo la Kadutu lilikuwapo huku tu. Alikuwa ameliondoa mwenyewe. Niliandika "peleka". Imefika. Kufika mchana lilikuwa halipo. Nikalipeleka tena. Wiki ile ilipita hivyo, yeye Ubelgiji na mimi nyuma ya magodoro, hatupigiani simu, kila mmoja akiandika neno moja kwenye dirisha lake jeusi, na katikati yetu mwanamke aliyekufa akiingia na kutoka. Nilifanya kazi nyingine zote kama kawaida. Nilipeleka wafu wa watu wengine nao wakakaa. Siku moja, nilipobonyeza, skripti ilifikiri muda mrefu kidogo kuliko kawaida, ikajibu imekataa. Nikajaribu tangazo la mtu mwingine, mzee wa Nyakabuye aliyekuwa amefariki, familia yake ikiwa imekaa pale kwenye benchi. Imekataa. Patron alikuwa ameufuta ufunguo wetu kwenye seva. Ilinibidi niwageukie wale watu niwaambie kwamba mlango umefungwa, na kwamba haukufungwa kwa sababu yao.

Vestine aliingia wakati wanatoka. Niliogopa kumwambia, lakini alikuwa tayari ameona kwenye simu ya mtu. Alikaa kwenye kiti chake.

"Mwaka wote huu alikuwa na mutoto," alisema. "Sasa banamunyang'anya tena."

Hakuwa na hasira nami, wala na Patron. Alisema kama mtu anayeeleza mvua iliyoharibu shamba. Tulikaa. Upande wa pili wa ukuta godoro lilikuwa likifungwa kwa kamba, tukasikia watu wawili wakihesabiana ili walinyanyue pamoja. Kisha Vestine alichukua kitenge chake akajifunga, akasema anakwenda redioni.

Redio ya pale mjini ilisoma matangazo ya vifo kila mchana. Nilikwenda naye. Mwanamke aliyepokea matangazo aliyasoma yote mawili, akamwuliza Vestine kwa adabu kama hili la pili si nakala ya lile la kwanza. Vestine akasema hapana. Mwanamke akamtazama, akarudia kusoma, akauliza tu kama Kadutu inaandikwa kwa herufi kubwa. Hakuomba alama yoyote. Redio haikuwa na kanuni ile, na labda ni kosa, na labda ndiyo sababu watu maskini waliipenda.

Tulisubiri kwa Maman Hadija. Vestine hakuwa amekula vizuri tangu simu ya Shabunda, na wali ulipoa mbele yake. Kibanda kilikuwa kimejaa, watu wa saruji, madereva, mama mmoja mwenye kuku kapuni. Muziki ulikatwa, sauti ya mwanamke ikaanza kusoma wafu wa siku ile, mzee wa Gikundamvura, mtoto mchanga wa mtaa wa jirani. Halafu akasoma: Roza wa Kadutu, ameacha binti mmoja, Vestine, anayeishi Kamembe. Akanyamaza kiasi kilekile alichonyamaza baada ya wengine. Akasoma: Roza, muuza chumvi wa Bunyakiri, ameacha binti mmoja, Vestine, anayeishi Kamembe. Dereva mmoja alisema redio imejirudia, mwenzake akacheka kidogo.

"Haijajirudia," alisema Maman Hadija.

Aliweka mwiko chini, akajipangusa mikono, akapita kati ya meza mpaka kwetu. Watu walinyamaza, si kwa heshima, bali kwa sababu hawakuwahi kumwona akiliacha jiko saa ya chakula. Alikaa kwenye benchi kando ya Vestine, akauchukua mkono wake kwa mikono yake yote miwili.

"Pole kwa kufiwa na mama yako," alisema.

Vestine akajibu asante, Maman. Akataka kuuvuta mkono. Maman Hadija hakuuachia.

"Na pole kwa kufiwa na mama yako," akasema tena.

Vestine alimtazama kwa muda. Kisha akainamisha kichwa mpaka paji lake likagusa ile mikono, akajibu, kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia kwake, asante, Maman.